Msamaha bila shamba

Nikisikia viongozi wanahubiri maridhiano baada ya vita, swali langu la kwanza huwa la kishamba kabisa: ardhi imebaki kwa nani?

Tarehe 12 Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikielekea ukingoni, Jenerali Sherman wa jeshi la serikali kuu aliwaita wachungaji 20 weusi mjini Savannah, jimbo la Georgia, awaulize watu wao waliotoka utumwani wanataka nini. Aliyewasemea ni Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Mzee hakuzunguka mbuyu: tupewe ardhi, tuilime wenyewe. Siku nne baadaye amri ikatoka. Ukanda wa pwani kutoka South Carolina hadi Florida ukatengwa, kila familia kipande kisichozidi ekari 40. Kufika Juni, watu wapatao 40,000 walishaingia mashambani.

Lakini Aprili Rais Lincoln aliuawa, na Andrew Johnson aliyemrithi akaanza kugawa misamaha kwa waasi, wazungu wa Kusini waliopigana ili wajitenge. Aliyesamehewa alirudishiwa mali yake yote isipokuwa watumwa. Shamba, basi, likarudi kwa bwana.

Wapo wanaosema ujenzi mpya wa Kusini ulikwama kwa kuwa weusi walipewa haki upesi mno. Siafiki. Katiba ilirekebishwa, wanaume weusi wakapiga kura, na mwaka 1870 Hiram Revels, mweusi wa Mississippi, akaingia Seneti. Sasa mweusi wa kawaida mwenye kura alilala kwenye kibanda cha nani? Cha yule yule aliyetaka asipige kura. Askari wa serikali kuu walipoacha kuyalinda majimbo hayo mwaka 1877, kilichofuata hakikuhitaji mtabiri: weusi walinyang'anywa kura.

(Fidia ilikuwepo, tusidanganyane. Washington, mwaka 1862, mabwana walilipwa hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachiwa. Zanzibar nako, 1897, aliyefidiwa ni bwana.)

Ninaporudi kwenye habari hizi, huwa naishia kisiwa cha Edisto, pwani ya South Carolina, Oktoba ya mwaka ule ule wa 1865. Johnson alimtuma Jenerali Howard, mkuu wa idara ya kuwahudumia watumwa walioachiwa, awaambie watu waondoke kwenye mashamba waliyokwisha kuyalima, wakapatane kazi na mabwana wa zamani. Kanisa lilijaa. Akaanza kusema, minong'ono ikageuka kelele, mpaka bibi mmoja alipoanzisha wimbo wa majonzi na wenzake wakamwitikia. Howard, mtu wa dini, akawaomba wawasamehe wenye mashamba.

Wakaazi waliunda kamati ya watu watatu, wakamjibu kwa barua. Wewe, walimwambia, umepoteza mkono wa kulia tu vitani, huenda ukaweza kusamehe. Lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akamvua nguo mama yangu na dada yangu akawacharaza, na leo ananinyima hata kibanda chake kitupu mpaka nikubali kumlimia kwa bei yake, huyo siwezi kumsamehe.