JSON au fomu ya kawaida? Inategemea unachobeba

Siku hizi ukitengeneza ukurasa unaotuma data kwa seva kwa fomu ya HTML, utaambiwa umepitwa na wakati: tumia JSON, yaani muundo wa kuandika data kama maandishi ambamo kitu kimoja kinaweza kubeba vingine ndani yake. Ushauri huo una ukweli, ila si wa kumeza mzima.

JSON inang'aa pale data inapokuwa na matabaka. Oda ya duka la jumla ina mteja mmoja na bidhaa kadhaa, kila moja na idadi, bei na punguzo lake. Fomu hubeba jozi za jina na thamani tu, kwa hiyo utaishia kubuni majina kama bidhaa[3][bei]. Hapo JSON inashinda bila ubishi.

Tena JSON hutofautisha namba na maandishi. Sifa hiyohiyo ndiyo mtego. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20, ilhali JavaScript, lugha ya programu ya kivinjari, hutunza namba kamili kwa uhakika hadi 9007199254740991, yaani tarakimu 16. Ukiigeuza kuwa namba kabla ya kuituma, tarakimu za mwisho zinabadilika kimyakimya, wala hakuna kosa litakaloonekana. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mwanzo. Fomu hutuma kila unachoandika kama maandishi, hivyo balaa hili hailijui. Kwenye JSON dawa ipo: usichokijumlisha wala kukizidisha, kifunge kwa alama za kunukuu. Shida ni kwamba lazima mtu akumbuke.

Upande wa seva, wanaoanza PHP, lugha ya programu za seva, hutuma JSON kisha hukuta $_POST (kapu la data iliyotumwa) tupu na kulaumu mtandao. PHP huijaza kwa data ya fomu tu. JSON unaisoma mwenyewe kutoka php://input (data ghafi ya ombi), kisha unaifungua kwa json_decode.

Seva ikiwa kwenye kikoa kingine (anwani ya tovuti nyingine), kivinjari hutanguliza ombi la OPTIONS kuomba ruhusa kabla ya kutuma application/json, yaani data iliyotambulishwa kuwa JSON. Wengi huiona kero. Mimi naiona kinga: tovuti ya tapeli inaweza kurusha fomu kwa seva yako bila kubisha hodi, lakini si JSON, mradi seva ikatae kabisa mwili uliokuja kwa aina nyingine.

Kwenye picha sina mjadala. JSON haibebi faili, na ukiigeuza picha kuwa maandishi kwa njia ya base64 inavimba kwa theluthi moja. Kwa mtumiaji wa bando, mpe fomu.