Daktari, Ongea na Anayepika

Kwenye dumu la mafuta ya kupikia nyumbani kwetu pamefungwa kijiko kwa kamba ya katani. Tuko Tanga, katani haituishi. Kila mgeni anayeingia jikoni lazima akiulizie, na wapo waliodhani tunaibiwa mafuta. Ni kijiko cha chakula cha kawaida, kile cha kulia wali. Kikijaa hubeba kama gramu 14 za mafuta, nami kwa siku nzima nimeruhusiwa gramu 30, zikiwemo zilizojificha ndani ya nyama, samaki, maziwa na karanga. Vijiko viwili tu, siku imekwisha.

Nina ugonjwa wa kongosho, huu mwaka wa sita. Kongosho ni kiungo cha urefu wa sentimita 15 hivi kilicholala nyuma ya mfuko wa tumbo. Linatoa insulini ya kutawala sukari ya damu, na linatoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Kwa mwenye afya vimeng'enya vikali, hasa vya kusaga protini, hutoka vimelala, vikaamkia kwenye utumbo. Kongosho likipata uvimbe vinaamkia humohumo, na kinachosagwa ni kongosho lenyewe.

Maumivu yake yanaanzia chini ya chembe cha moyo na kupenya mpaka mgongoni. Ukilala chali yanazidi. Ukikaa umeinama, mto umeukumbatia, yanapungua kidogo, na hivyo ndivyo nilivyokesha usiku wa kwanza mpaka adhana ya alfajiri.

Kabla ya kulijua jina la ugonjwa nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi minane. Huku kwetu kila tumbo linalouma ni vidonda mpaka lithibitike vinginevyo. Nikashauriwa ninywe maziwa kwa wingi, na mimi ni mtu wa kufuata maagizo: lita nzima kila siku, maziwa ya ng'ombe yenye malai yake juu. Nikijisikia vibaya naongeza.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa maabara. Alinitoa damu, akaiacha kichupani itulie, na juu yake pakakaa majimaji meupe kama tui. Akawaita wenzake waje waone. Hayo yalikuwa mafuta ya damu, yale yaitwayo trigliseridi. Yakipita miligramu 1,000 kwa desilita, kongosho liko hatarini. Yangu yalikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Sehemu nimerithi, na sehemu ni kisukari nilichokuwa nacho bila kujua.

Lakini kabla ya damu kupimwa, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa jingine. "Mzee, unakunywa bia ngapi kwa siku?" Mama yangu amekaa pembeni ya kitanda na buibui lake. Nikasema sijawahi kuonja. Nikatazamwa kama mwizi anayekana huku kuku yuko kwapani. Swali lenyewe silikatai, maana pombe na mawe ya nyongo ndiyo sababu mbili kubwa za ugonjwa huu na ni lazima daktari aulize. Tatizo ni kilichofuata mtaani, nilipogeuka mlevi wa siri. Na aliniuma zaidi jirani yangu wa wodini, ambaye kweli alikuwa mnywaji. Ndugu zake waliona amejitakia, kwa hiyo uji alikuwa anagawiwa na mama yangu. Nilimsikia usiku. Alilia kama nilivyolia mimi.

Sasa nifike kwenye hoja iliyonifanya niandike.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi. Punguza mafuta. Kula mlo kamili. Epuka pombe na sigara. Chini yake palikuwa na orodha ya vyakula vinavyofaa, na vya kwanza vilikuwa brokoli na mtindi usio na mafuta. Pale Mgandini sokoni nimekuwa nikinunua mboga tangu utoto, na brokoli sikumbuki kuiona. Nikampelekea mke wangu karatasi. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari. Hakuidharau. Hakuona ndani yake kitu cha kushika mkononi.

Maana kupunguza ni kupunguza kutoka wapi kwenda wapi? Mpishi wa Pwani hapimi mafuta, anamimina kwa jicho na anajua vitunguu vinapolia vimetosha. Mke wangu alipunguza kweli, mimi shahidi. Palipokuwa na nusu kikombe pakawa na robo. Kwa macho ya mtu anayependa mumewe hilo ni badiliko kubwa. Kwa kongosho langu halikuwa lolote. Mwaka ule nikarudishwa wodini mara mbili zaidi. Mara moja baada ya maulidi, na hapo najua nilichokula, sitaki kusingizia mtu. Mara ya pili baada ya maharage. Maharage ya nyumbani! Nyumba nzima tukabaki tunatazamana, maana hayakuwekewa hata tone la mafuta. Yaliungwa kwa nazi tu.

Nazi tu. Kikombe kimoja cha tui zito kina mafuta gramu 50 hivi. Lakini muulize mtu yeyote wa Tanga au Pangani kama tui ni mafuta, atakushangaa. Tui ni tui, mafuta ni yale ya kwenye dumu. Daktari alisema mafuta, mke wangu akasikia dumu, na hakuna aliyekosea Kiswahili.

Safari hiyo ya tatu ndipo nilipokutana na mtaalamu wa lishe, mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Nikamwamkia, akaitikia, na hakuniuliza ninakula nini. Aliuliza, "Nani anakupikia?" Nikamwambia mke wangu, yuko nje kwenye benchi. Akamwita, akamwagiza kesho yake aje na kijiko anachotumia jikoni na kikombe anachokamulia tui. Tangu hapo mimi hakunitazama tena. Waliongea wao wawili, kijiko kimewekwa mezani, muda wa dakika arobaini, nami nimekaa kama mtoto aliyepelekwa kuandikishwa shule.

Hapo ndipo tiba yangu ilipoanza, na hapo ndipo ninapowalaumu madaktari wetu. Maelekezo ya chakula wanampa mgonjwa, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui hata chumvi inakaa wapi. Mimi nilikuwa hivyo. Ni aibu yangu, na ninajifunza, ugali wangu siku hizi hauna madonge. Lakini tiba haiwezi kusubiri mpaka wanaume wa Tanga wajue kupika. Anayepika amekaa nje kwenye benchi, amebeba chupa ya chai na hofu yake, anasubiri kuambiwa nusu ya habari na mtu aliyesikia robo.

Mke wangu alitoka mle ndani na neno moja: "Kumbe ni chukuchuku tu!" Chukuchuku kila mtu wa Pwani analijua, ni kupika kwa maji, chumvi na viungo, bila mafuta wala nazi. Bibi zetu walimpikia hivyo mzazi na mgonjwa, na siku za dhiki walipikia nyumba nzima. Samaki changu anachemshwa na ndimu, nyanya, kitunguu na pilipili mbichi moja nzima isiyopasuliwa, na mchuzi wake unanukia mpaka barabarani. Sijui nani alitufundisha kwamba mchuzi usioelea mafuta juu ni mchuzi wa maskini.

Vitunguu tunavikaanga kwa maji. Unaviweka kwenye sufuria kavu, vikianza kushika chini unanyunyiza, unakoroga, unanyunyiza tena, mpaka vigeuke rangi. Inataka subira. Kuku anavuliwa ngozi kabla hajaingia chunguni. Yai nala jeupe lake, kiini anachukua mtoto, maana mafuta yote ya yai yako kwenye kiini. Kwa nazi, kasimile, lile tui zito la kwanza, ni ya wengine, na kwenye sufuria yangu ndogo linaingia tui la mwisho, lile linalokaribia kuwa maji ya kuoshea kifumbu, tena mara moja kwa wiki. Nala kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya kujaza sinia mara mbili. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa kuliko mafuta. Mimi nilikuwa mtu wa kula nikashiba nikalala.

Na msidhani ni mafuta peke yake. Kwa aina yangu ya ugonjwa sukari nayo hugeuka kuwa mafuta kwenye damu, kwa hiyo juisi ya miwa na soda ni sawa na chapati tatu. Ugali wa mlima nao sina.

Hapa nimsimamishe msomaji mwenye ugonjwa huu ambaye ameshachukua kalamu. Gramu 30 ni zangu. Ambaye kongosho lake liliharibiwa na mawe ya nyongo au pombe, na mafuta yake ya damu ni ya kawaida, huenda akaambiwa kinyume kabisa. Wataalamu wengi siku hizi hawamkatazi mafuta mgonjwa wa muda mrefu anayetumia vidonge vya vimeng'enya, kwa sababu kinachommaliza ni kukonda na upungufu wa vitamini A, D, E na K, ambazo huingia mwilini pamoja na mafuta. Yule jirani yangu wa wodini akila kama mimi atakwisha. Na usimsikilize anayekuuzia mafuta ya nazi kama dawa kwa kuwa "hayahitaji kongosho". Kweli kuna mafuta ya mnyororo mfupi kidogo yasiyolitaabisha, lakini ndani ya nazi hayo ni sehemu ndogo.

Nimetaja vidonge. Vina kisa chake. Mwaka wa tatu nilianza kukonda ingawa nakula, na chooni mambo yakabadilika: kinyesi cheupecheupe, kinanuka vibaya, kinaelea, maji yanabaki na utando wa mafuta. Kongosho lilikuwa limechoka, halitoi tena vya kutosha. Nikaandikiwa kapsuli za vimeng'enya, humezwa pamoja na chakula, si saa moja kabla wala baada. Zinaagizwa kutoka Dar, na bei yake naomba nisiiandike, nitapandisha presha. Nikiwa nimeshatumia wiki mbili, muuza dawa akaniambia kwa sauti ya chini kwamba zimetengenezwa kwa kongosho la nguruwe.

Nilitoka pale nimeduwaa. Nikaenda moja kwa moja kwa sheikh wetu. Hata sijamaliza kueleza, akanisomea aya ya 173 ya Surat al-Baqara, ile ya aliyefikwa na dharura. Akaniuliza kama kuna dawa nyingine ya kazi ileile ninayoweza kuipata. Nikamwambia nimeuliza, hakuna. Akasema, basi meza, na usizirudishe nyumbani kwa siri kama bangi. Mjomba wangu mpaka leo hakubali, na hunitazama mkono kila ninapokula kwake. Daktari angenieleza mapema, mlango ukiwa umefungwa, ningekwenda kwa sheikh siku ya kwanza na si siku ya kumi na nne. Najua mtu aliyegundua peke yake akazitupa zote chooni, na akaendelea kukonda.

Kapsuli zangu zinakaa ukingoni mwa sahani. Anaziweka mke wangu, sijawahi kumwagiza.

Ramadhani sifungi, natoa fidia. Hilo lilinisumbua roho mwaka wa kwanza, sasa nimezoea. Nisilozoea ni sherehe na misiba. Kwenye khitma shangazi yangu hunijia na sahani ya biriani mikononi, mwenyewe, ameacha wageni wote. "Mwanangu, kidogo tu, hakitakudhuru." Utamkatalia vipi mtu aliyekubeba mgongoni? Nilijaribu kueleza trigliseridi, akasema ugonjwa wenye jina kama hilo umetoka Ulaya. Nilijaribu kusema nimeshiba, akanuna wiki mbili. Siku hizi mke wangu huenda mapema kule wanakopikia akaniwekea wali mweupe na kipande cha nyama kabla ya samli kuingia. Shangazi anaona nakula chakula cha shughuli, roho yake inatulia.

Mwezi uliopita alikuja kukaa kwetu siku tatu. Akakiona kijiko kwenye dumu, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akasema atapika pilau ya watoto, na mke wangu akamwomba, kwa heshima zote, amimine mafuta kama anavyomimina kwake, ila apitishie kwenye kijiko ili tuhesabu pamoja. Shangazi akaanza, kimoja, viwili, huku anatabasamu. Kwenye cha saba tabasamu likapungua. Kwenye cha kumi na moja chungu kilikuwa bado hakijamridhisha. Akampa mke wangu kijiko mkononi.

"Hebu endelea wewe mwanangu," akasema, "mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."