Nani Kala Miti ya Shinyanga?

Kuna kijana kapita Shinyanga mwezi huu wa Septemba, karekodi video kutoka dirishani, vumbi tupu, kisha akaandika: "Wasukuma wamekula miti yote." Imesambaa balaa. Mtu anayekuja Usukumani Septemba akitegemea kijani, sijui jiografia alifundishwa na nani.

Hilo dogo. Kinachoniuma ni hiyo "wamekula". Nani alianza kufyeka? Serikali ya Mwingereza ndiyo iliyowatoa watu kwa amri, kupitia watemi wao, wakafyeke vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Mbung'o walipungua, sibishi. Ikaja pamba, mapori yakageuka mashamba. Ikaja Operesheni Vijiji: watu wakapangwa vijiji vipya, ngitili ya ukoo, yaani eneo la malisho linalofungwa likatunzwa, ikabaki nyuma haina mwenyewe. Nani angeilinda?

Na ngitili ilikuwa na mwenyewe hasa. Mvua zikianza babu anafunga eneo, hakuna kwato kuingia. Nyasi zinakua, zinakaukia hapo hapo. Kiangazi kikikolea anawafungulia ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa plau. Wenye nguvu zao wakajitafutie mbugani. Ukikaidi, dagashida, baraza letu la jadi, inakutoza faini, na hakuna cha kumpigia diwani simu. Wazee wale hawakuwa na diploma ya misitu hata mmoja.

Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza 1986, wataalamu walikuja na vitalu vya miche, mingi ya kigeni. Sawa, asante. Lakini kilichorudisha miti kwa wingi ni ngitili: eneo likifungwa, visiki vya zamani vinachipua vyenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi hivyo, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta kutoka UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwenye video halimo hilo, bila shaka gari lilikuwa kasi.

Haya, ng'ombe ni wengi, nakubali shingo upande. Mjomba wangu ukimwambia apunguze atakuuliza kama wewe umepunguza hela zako benki. Na mkaa unatumaliza kweli. Ila unampikia nani? Kwetu kijijini wanachochea mabua ya pamba, na samadi kavu kuni zikiadimika. Mkaa unapakiwa kwenye lori usiku, unakwenda mjini, kwa hao hao wanaotumiana video na vicheko.