Ngome ya Lamu na maji tusiyoyataja

Ukiingia Ngome ya Lamu pale Mkunguni, utasimuliwa vita vya kijiji jirani cha Shela, askari wa Kibulushi na wafungwa. Yote ni kweli, na mimi mwenyewe sichoki kuyasikiliza. Ila sijapata kumsikia mtu akianza na swali ambalo jemadari yeyote angeanza nalo: hawa watu wote walikuwa wakinywa nini?

Makao ya jeshi popote pale ni habari ya maji kwanza, silaha baadaye. Askari aweza kuvumilia njaa siku kadhaa, lakini kiu haina muhula. Wareno walipojenga ngome yao Mombasa kuanzia 1593, walichimba kisima kirefu ndani ya kuta kikatoa maji ya chumvichumvi, ya kuogea tu. Ya kunywa ikabidi yakingwe kutoka mbinguni na kuwekwa birikani. Kambi za karne iliyopita zikaja na mnara wa maji, yaani tangi la chuma juu ya miguu mirefu, ambalo kimo chake peke yake kinatosha kuyasukuma maji hadi kwenye mabomba ya mabweni na jikoni bila pampu kukesha ikinguruma. Kambi kama hiyo ikifungwa, mzinga husafishwa ukawekwa mahali pa kupigiwa picha, mnara ukauzwa chuma chakavu. Ubaguzi huo ndio unaonikera.

Hapa kwetu maji yaliamua hata vita vyenyewe. Jeshi la kisiwa cha Pate na la Mazrui, watawala wa Mombasa, lilipotua Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810, Waamu, yaani watu wa Lamu, walilirudisha hadi ufukweni, na wasimulizi wetu hawasahau kutaja kwamba bahari ilikuwa imekupwa. Vyombo vimepwelewa mchangani, pa kukimbilia hapana. Ushindi huo ukawatia Waamu hofu ya kisasi, wakaomba himaya ya Sayyid Said wa Maskati, akaleta liwali na askari, na ngome ikakamilika 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ikawa gereza. Askari au mfungwa, kila aliyelala humo alihitaji mtungi wake ujazwe, na wa kuujaza hatajwi kabisa.

Sasa tazama ng'ambo, kisiwa cha Manda. Takwa ilikuwa na ukuta wake, msikiti wake, nyumba zake za mawe. Ikahamwa katika karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotajwa sana ni visima kugeuka chumvi. Watu wakavuka kuja Shela, na hadi leo watu wa Shela huenda Takwa kwenye lile kaburi lenye mnara kuomba mvua. Mji wenye ukuta kushindwa na kisima chake! Ningekuwa mwongoza wageni, ningeanzia hapo, mizinga ikasubiri.

Shela wana matuta ya mchanga, na hayo ndiyo mnara wa maji wa kisiwa kizima. Mvua ikinyesha huzama humo badala ya kukimbilia baharini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Akiba hiyo haitaki mchezo. Kwa hesabu ya wataalamu, uso wa maji matamu ukishuka mita 1, chumvi iliyo chini huweza kupanda mita 40 hivi. Anayejenga juu ya matuta, au kuyachota mchanga, au kuchimba kisima chake binafsi na kupiga pampu usiku kucha, anatoboa tangi la wenzake. Tungemwona mtu akibomoa ukuta wa ngome tungepiga kelele mpaka Nairobi. Kwa matuta tunanung'unika barazani, basi.

Wazee wetu walijua thamani ya tone. Katika nyumba za mawe za zamani, birika la chokaa limejengwa pembeni mwa choo, na kata ya kifuu ya kuchotea. Ndani yake waliachiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika kukazamishwa bakuli la kaure, ili maji yakikaribia kwisha, au birika likisafishwa, samaki wabaki na pa kuogelea. Leo tuna tangi jeusi la plastiki juu ya kila dari, na wapenzi wa majengo ya kale hukunja uso wakiyaona. Mimi simo. Nyumba ikishajipandishia maji yake juu, imejijengea mnara, na kama hayo matangi hayapendezi, nani ametuletea mengine?

Ombi langu kwa wanaoitunza ngome ni dogo: chumba kimoja tu. Kiwekwe mtungi, kata, madumu ya punda, mfano wa birika na samaki wake, mfano wa jabia inayokinga mvua kule Ndau na Kizingitini, na ramani ya visima vya Shela. Wanafunzi wakishamaliza orofa ya juu na kupiga picha zao, wapandishwe mashua wakayaone matuta yenyewe. Ni mwendo mfupi, na nauli si kitu.