Gunia la Juni na Sado ya Februari

Kila mwezi Mei, wakati makadirio ya Wizara ya Kilimo yanasomwa na kujadiliwa bungeni hapa Dodoma, katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa watu huwa wameanza kukata masuke ya uwele na mtama, na wanunuzi wa nafaka huwa wameshafika na magunia yao matupu. Mimi huishi kati ya pande hizo mbili, kwa kuwa siku za kazi niko jijini na Jumamosi nyingi niko kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Kwa miaka kadhaa nimesikiliza hotuba za huku na kuchungulia kihenge cha kule, na maoni yangu ni kwamba tumekosea mwezi wa kupimia. Tunahesabu tani zilizovunwa, ilhali usalama wa kaya ya kijijini katika kanda hii hutegemea kilichobaki ndani ya nyumba ifikapo Februari.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na sehemu nyingi za mkoa hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, tena kwa mapengo, kwani mara nyingi Februari jua huwaka wiki mbili au tatu mfululizo mazao yakiwa bado machanga. Januari ndiyo mwezi wa palizi, na shule nazo hufunguliwa mwezi huo huo. Ada ya shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, nalo ni jambo la kushukuru, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana havikuondoka. Kwa hiyo mahitaji makubwa ya fedha, kazi nzito kuliko zote shambani na kihenge kilicho karibu kwisha hukutana katika wiki sita zile zile.

Nitaeleza yaliyompata shangazi, kwa ruhusa yake. Mwaka juzi alivuna magunia saba ya mtama, mavuno ambayo afisa yeyote angeyaandika kuwa mazuri kwa kaya ya watu sita. Mawili yaliondoka siku hiyo hiyo kulipa deni la gunia moja alilokopa Februari, maana huko gunia la njaa hurudishwa kwa mawili wakati wa mavuno. Mengine mawili aliyauza Juni ili kumaliza deni la dukani na kununua bati mbili za kuziba paa. Nilikuwepo wakati wa kufunga. Mnunuzi hakuja na mizani. Alikuja na sindano, kamba na vipande vya wavu, na gunia lilipojaa akalishonea kilemba, akaendelea kumimina na kushindilia kwa ngumi mpaka shingo ya gunia ikawa nene kuliko tumbo lake. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo Sheria ya Vipimo imeikataza na ambayo kila mtu kijijini anajua imekatazwa. Shangazi aliangalia akanyamaza, kwa sababu deni la dukani lilikuwa la siku nyingi na mnunuzi alikuwa mmoja.

Yakabaki matatu, na mwanzoni mwa Januari yalikwisha. Hapo alikuwa na njia mbili, kuuza mbuzi au kwenda kibarua, na mbuzi waliobaki walikuwa majike mawili yenye mimba. Akaenda kibarua. Asubuhi kabla jua halijachomoza alikwenda kupalilia shamba la mtu kwa ujira wa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki inayotumika sokoni badala ya mizani, huku mtama wake mwenyewe ukimezwa na magugu, na kiduha, yule mchawi wa mtama, gugu linalonyonya mizizi yake, kikitoa maua katikati ya mistari. Fedha aliyolipwa Juni kwa debe zima, Februari isingemnunulia hata nusu ya debe. Na mwaka uliofuata shamba lililochelewa kupaliliwa lilimpa magunia manne.

Nimerefusha habari hiyo kwa makusudi, kwa sababu ndani yake mna utaratibu mzima wa umaskini wa kanda yetu, na sioni uvivu wala ujinga popote. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na vijijini asilimia 31.3. Takwimu hizo ni za lazima na siwabezi wanaozikusanya. Hata hivyo, hesabu ya mwaka mzima haiwezi kuonyesha kwamba kaya ile ile inaweza kuwa juu ya mstari Julai na chini yake Februari, wala kwamba anguko la Februari ndilo linaloandaa mavuno duni ya Juni inayofuata.

Wazee wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, walilijua hili kabla ya takwimu. Ng'ombe hawakuwekwa zizini pamoja. Waligawanywa kwa wakwe na jamaa wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Nafaka ya ziada iligeuzwa mifugo, na mifugo ikageuzwa nafaka mwaka mbaya ulipofika. Njaa kubwa ya mwaka 1918 hadi 1920, ile inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, haikuletwa na ukame peke yake. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimepita hapa, na majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, hivyo mvua ilipokosekana ilizikuta kaya zikiwa tayari zimekwisha kuvuliwa kinga zake. (Hao hao Waingereza walirudi Kongwa mwaka 1947 na matrekta ya kulima karanga, wakaachana na mradi huo mwaka 1951 baada ya udongo kukauka na kuwa mgumu kama saruji; huo ni mjadala wa siku nyingine, ingawa napenda kuutaja kila ninaposikia neno mashamba makubwa.)

Tukirudi kwenye bajeti, ni haki kusema kwamba imepanda sana. Kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, fedha za Wizara ya Kilimo zilifika bilioni 954 mwaka 2022/23. Kuna ruzuku ya mbolea, kuna skimu za umwagiliaji, na hapa Chamwino kwenyewe kuna mashamba ya vijana ya Chinangali na Ndogowe. Sipingi lolote kati ya hayo. Ninachosema ni kwamba mkulima wa mtama anayetumia samadi ya zizini, au asiyetumia chochote, ruzuku ya mbolea humpita kando, na kwamba hata angeongeza magunia mawili, kwa utaratibu nilioueleza yangeishia kwa yule mwenye sindano na kamba.

Jambo la ajabu ni kwamba jibu mojawapo lilijaribiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2010 TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali, ilianza kulipa kaya maskini fedha taslimu katika Bahi, Chamwino na Bagamoyo, kwa majaribio. Vijiji vilikuwa 80, na vilivyoanza kupokea, ambavyo vilikuwa nusu yake, vilipatikana kwa bahati nasibu, ili wataalamu waweze kulinganisha kwa haki. Fedha zilitolewa kila baada ya miezi miwili, kwa masharti ya watoto kwenda shule na kliniki, na waliochagua kaya walikuwa wanajamii wenyewe. Wengi walitabiri kwamba zitanywewa pombe. Matokeo yalionyesha kaya zilizopokea zikijiunga kwa wingi na Mfuko wa Afya ya Jamii, zikinunua viatu vya watoto, mbuzi na kuku. Yaani zilifanya yale yale ambayo babu zao walifanya, kugeuza kidogo kilichopatikana kuwa kinga ya kesho. Majaribio hayo ndiyo yaliyotangulia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini tunaoujua leo.

Ninachokiomba kwa watunga sera si ongezeko la kiwango cha malipo hayo peke yake, ingawa kiwango ni kidogo. Naomba kalenda iangaliwe. Kwa kanda yenye msimu mmoja wa mvua, shilingi elfu ishirini ya Desemba au Januari si sawa na elfu ishirini ya Julai, kwa sababu ile ya Januari humbakisha mama shambani kwake wakati wa palizi na ile ya Julai humkuta akiwa na nafaka. Jumla ya mwaka inaweza kubaki vile vile, sehemu kubwa ikasogezwa kwenye miezi ya njaa. Vivyo hivyo kwa mikopo, iwe ya benki, ya vikundi au ya ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: marejesho yanayoangukia Juni ni amri ya kuuza kwa bei ya chini, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Kuhusu kuhifadhi, sheria ya stakabadhi ghalani, inayomwezesha mkulima kuweka mazao ghalani na kukopa kwa stakabadhi yake, tunayo tangu 2005, na mikoa ya korosho inaifahamu vizuri. Mwenye magunia matatu ya mtama hawezi kuyasafirisha hadi ghala lililo mbali. Anahitaji chumba kimoja kikavu kijijini, mizani inayoaminika, na mtu wa kumkopesha nusu ya thamani ya gunia bila kulichukua. Ukavu si anasa: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yaliyoota ukungu, na dumuzi, mdudu wa nafaka, naye hula kihenge kimya kimya.

Nakubali kwamba kutunza si salama kila mara. Aliyetunza mbaazi mwaka 2017 aliona India ikifunga mlango na bei ikaanguka. Aliyesubiri bei ya alizeti ipande mwaka 2023, hapa na Singida, aliumia vile vile, na wakulima walilaumu unafuu wa kodi uliotolewa kwa mafuta ya kula kutoka nje. Ndiyo maana nazungumzia kwanza nafaka ya kula. Mtama uliobaki ndani hauhitaji bei nzuri ili kuwa na faida. Unahitaji tu kuwepo siku ambayo vinginevyo ungenunuliwa kwa sado.

Mwaka huu kikundi cha hisa cha shangazi kimehamisha siku ya kugawana fedha kutoka wiki ya Krismasi hadi wiki ya pili ya Januari. Mjadala ulikuwa mkali, kwani wanaume wawili walisema sikukuu bila kitoweo ni aibu, na mzee mmoja akatishia kujitoa. Jumamosi iliyopita nilimkuta shangazi ameyapanga magunia matano juu ya magogo, mbali na ukuta, kila moja likiwa na mfuko wa nailoni ndani yake. Aliniuliza kama huko mjini nimesikia bei ya mtama. Nilipomtajia, akasema, "Basi mwanangu, usimwambie mtu kwamba ninayo," akaenda kuchuma mlenda.