Ramani ya uhalifu Mbeya inapima nini?

Kupanga doria kwa kufuata idadi ya matukio yaliyoripotiwa katika kila kata ni jambo lenye mantiki. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 541,603 katika Sensa ya mwaka 2022, waliotapakaa kutoka Uyole hadi Iyunga kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na wengine wamepanda hadi miteremko ya Itiji. Askari hawawezi kuenea kila kona, na kitabu cha matukio cha kituo ndicho kipimo kilicho karibu.

Kwa makosa fulani kipimo hicho kinafaa. Mauaji hayafichiki kirahisi, na aliyeibiwa gari lenye bima kubwa huripoti kwa kuwa hatalipwa bila taarifa ya polisi.

Mashaka yanaanzia kwenye makosa madogo. Aliyekwapuliwa pochi Mwanjelwa huripoti polisi hata kama hana tamaa ya kuipata, maana bila taarifa ya upotevu hapati kitambulisho kipya cha NIDA. Mama wa Itiji aliyeibiwa jiko la gesi na kuku wawili hupiga hesabu ya nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, huku akijua anaweza kuambiwa arudi kesho, akaona bora aende kwa mwenyekiti wa mtaa. Huko wazazi wa kijana watalipa kuku, jiko litarudi, na kituoni hapataandikwa kitu. Mwizi huyo akiangukia mikononi mwa wale ambao magazeti huwaita “wananchi wenye hasira kali”, kitakachoingia kitabuni ni kifo, na wizi uliokitangulia unaweza usihesabiwe kabisa.

Kipigo cha ndani ya nyumba kina ramani yake. Katika vyumba vya kupanga jirani husikia, lakini nyuma ya kuta ndefu za Uzunguni hasikii mtu, na mara nyingi tukio hujulikana pale tu jeraha linapomlazimu mwathirika kuomba PF3, fomu ya polisi kwa ajili ya matibabu ya majeruhi. Utulivu wa mtaa wa aina hiyo, kwa maoni yangu, usichukuliwe kuwa ushahidi wa usalama.

Uingereza huwauliza wananchi wenyewe yaliyowapata, kwa utafiti wa kaya ulioanza mwaka 1982. Kwetu ingekuwa rahisi zaidi kuanza na mashauri ya wenyeviti wa mitaa, ingawa wengi huwaendea kwa sababu hawataki jambo lifike polisi, na mwenyekiti anayetegemea kura hapendi mtaa wake uonekane mbaya. Ndiyo maana ningependelea zikusanywe hesabu tupu za aina ya kosa na mtaa, bila jina la mtu.