Shingo Yangu Si Msumari

Mwenzenu shingo haigeuki. Leo siku ya tatu. Mtu akiniita kutoka kulia nageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Kisa ni kikundi chetu cha jogingi. Jumamosi tulikwenda Marangu kupanda Kilimanjaro, msishtuke, si kule juu mita 5,895, ni kituo cha kwanza tu, Mandara, mita 2,700 hivi, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Katibu akasema, "Kamera si unayo wewe?" Basi. Nchi hii ukimiliki kamera umeshaajiriwa, ila mshahara ndio hauna.

Kamera na ile lenzi ndefu ni kilo mbili na nusu. Nikajisemea, kilo mbili na nusu ni nini? Unga wa kiasi hicho nabeba kwa vidole viwili kutoka dukani. Lakini unga, jamani, haukupigi kifuani kila hatua. Ule mkanda wa shingoni ulikuwa unasaga ngozi, na mzigo wenyewe unabembea: mguu wa kulia, du! mguu wa kushoto, du! Nikainama kufunga kamba ya kiatu, lenzi ikanifuata hadi kidevuni.

Nikaivaa mshazari kama mkoba wa kondakta. Ikagombana na mikanda ya begi, kisha ikahamia kwapani. Nikaitia begini. Hapo ndipo mbega wakatokea, weupe kwa weusi, mikia kama mashada ya harusi. Fungua zipu, toa sweta, toa chapati, toa chupa ya maji... Mmoja nadhani alinisubiri kidogo, akanihurumia, akaondoka. Nina picha kumi na moja za matawi yanayotikisika.

Nikaishika mkononi. Kwenye mizizi yenye matope nikateleza, na kati ya kamera na pua nikaokoa kamera. Pua nilipewa bure, kamera bado nadaiwa.

Na mvua ya msitu ule haipigi hodi. Zamani ningeivisha mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo kamera yangu ilipanda Kilimanjaro imevaa kofia ya kuogea ya Mama Neema. Yenye maua.

Mzungu mmoja alinipita kamera yake imetulia begani, imebanwa na kijichuma kwenye mkanda wa begi. Anabonyeza, inachomoka, anairudisha, kwa! Nikamuuliza bei. Nikaigeuza shilingi kichwani, nikamtakia safari njema.

Kilichoniua kabisa ni wagumu, wale wapagazi wa mlimani. Mgumu ana mzigo kichwani, begi mgongoni, kilo ishirini ndio kiwango chao, mikono mitupu, na bado anakuuliza wewe, "Vipi kaka, umechoka?" Kwa kilo mbili na nusu zangu!

Mama Junior, mweka hazina wetu, ndiye aliyechoka na kunitazama. Akatoa kanga. "Shemeji, hebu lete huyo mtoto." Akaipitisha begani, akaizungusha chini ya kwapa, akaivuta kama anafunga gunia la mahindi, fundo likakaa mgongoni. Haki ya Mungu, du-du ikakoma. Uzito ukahama shingoni, ukakaa mgongoni na kiunoni, lenzi imelala kifuani inatazama chini kama kichanga kilichoshiba. Ila shingo ilikuwa imeshaharibika tangu kilomita ya pili. Na watalii wakaanza kunipiga picha mimi: mtu mzima, ndevu hizi, kambeba kamera kwa mbeleko yenye maandishi UCHUNGU WA MWANA AUJUAYE MZAZI.

Mandara nikawapanga vizuri, mwanga safi, nikawapiga. Kumbe wote walishajipiga kwa simu wakiwa njiani, na wameshajirusha kwenye grupu. Mpaka leo hakuna aliyeniulizia picha hata moja.

Aliyeulizia ni Mama Neema, naye hakuulizia picha. Alifungua begi kutafuta kofia yake, akakuta kanga. Inanukia udi. Akaisoma maandishi kwa sauti, mara mbili.

"Mwana gani huyu, Baba Neema?"

Nikaanza kueleza habari za mkanda, lenzi, uzito wa kilo mbili na nusu. Akasema maelezo niyaache kwanza, nigeuke nimtazame machoni.

Alikuwa amesimama kulia.